Rafu moja ya marejeo ya Kiebrania cha Biblia: shajara ya mradi

8 Januari: lengo na maneno ya kupimia

Lengo ni kukusanya marejeo machache yatakayomwezesha mtu anayejua herufi za Kiebrania na sarufi ya mwanzo kulichunguza mwenyewe neno lolote la Agano la Kale. Si maktaba ya chuo ninayoitaka. Ni rafu moja na kompyuta. Kila hatua ikikamilika naiandika hapa, ili anayetaka kufuata asilazimike kupapasa gizani.

Orodha za "kamusi bora" zimejaa kila mahali, na nyingi huvipanga vitabu kama timu kwenye msimamo wa ligi. Tatizo ni kwamba vitabu hivi havichezi mchezo mmoja. Kimoja kimeandikwa kukuonyesha neno liko wapi, kingine kukupa maana kwa ufupi, kingine kubishania maana hiyo ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo badala ya kuuliza kipi ni bora, nimechagua maneno machache, kila moja na mtego wake, na kila kitabu kitapewa maneno hayohayo.

La kwanza ni *hesed* (חסד), linalotokea mara zipatazo 250 na kubishaniwa sana. *Kaved* (כבד) ni kitenzi kinachobadilika sana kutoka kauli moja hadi nyingine. *Ana* (ענה) ni herufi tatu zinazobeba vitenzi kadhaa visivyo na undugu. *Emet* (אמת) na *midbar* (מדבר) yatapima ugumu wa kutafuta tu, kabla hata ya kufika kwenye maana. *Pim* (פים) linapatikana mahali pamoja, 1 Samweli 13:21. Na *raz* (רז), "siri", ni la Kiaramu, limo katika Danieli 2.

Kuhusu gharama: bei sitaziandika, kwa kuwa nakala mpya, nakala iliyotumika na ya dijitali ya kitabu kilekile hazikaribiani. Nitasema kipi ni cha bure, kipi kinanunulika, na kipi ni cha kusomea maktaba. Muda unaotumika kwa neno moja nao ni gharama, na huo nitautaja.

21 Januari: namba za Strong

James Strong alichapisha itifaki yake, yaani orodha ya maneno na aya yanamopatikana, ya Biblia ya Kiingereza ya King James mwaka 1890, na nyuma yake akaweka kamusi ndogo ambamo kila neno la Kiebrania na Kiaramu lina namba, 1 hadi 8674. Namba hizo zimekishinda kitabu chenyewe kwa umaarufu. Karibu kila programu ya Biblia inazitumia. Ni za bure, na kwa kasi hakuna kinachozifikia: unabonyeza neno, unapata namba, unapata kila aya yenye namba hiyo.

Jaribio la *hesed* ndilo lililoonyesha mpaka wake. Namba yake ni 2617. Kidahizo, yaani maelezo ya neno katika kamusi, kinaanza na wema na huruma, kisha kinaongeza kwamba mara chache neno lina maana ya kinyume, yaani lawama. Baada ya hapo unakuja mstari mlalo, na baada ya mstari orodha ya maneno ya Kiingereza: fadhili, rehema, huruma, halafu ghafla aibu na jambo ovu. Msomaji asiyeonywa huondoka akiamini kwamba neno moja la Kiebrania lina rehema na uovu ndani yake, na nimewahi kusikia fundisho zima likijengwa juu ya hilo.

Ukweli ni mwepesi zaidi. Maneno yanayofuata mstari ule si maana hata kidogo. Ni orodha ya namna watafsiri wa King James walivyolitafsiri neno, hapa na pale, bila kusema wapi. "Jambo ovu" linatoka Walawi 20:17 na "aibu" linatoka Mithali 14:34. Katika aya hizo mbili kamusi kubwa zinaona neno jingine kabisa, lenye sauti na herufi zilezile. Sisi tunalo *paa*: la nyumba, la mwituni, na la kupanda angani. Hakuna anayehubiri kwamba swala ana uhusiano wa siri na mabati. Strong ameyapa maneno mawili namba moja, na programu inayofuata namba hurithi mchanganyiko huo.

*Kaved*, namba 3513, lilikwama kwa sababu nyingine. Katika kauli ya msingi, Qal, ni kuwa kizito. Katika Piel ni kuheshimu, kama Kutoka 20:12, "Waheshimu baba yako na mama yako". Katika Hifil, kauli inayokaribia kutendesha yetu, ni kufanya kizito, ndiyo Farao na moyo wake katika Kutoka 8:15. Katika Nifal ni kujipatia utukufu, Kutoka 14:4. Strong anayamwaga yote kwenye kapu moja bila kusema lipi ni la kauli ipi. Ukichukua "uzito" wa Farao ukaupeleka kwenye amri ya tano, umetunga maana ambayo aya haina.

Kiaramu nacho amekichanganya humohumo. Namba 1 ni baba wa Kiebrania, namba 2 ni baba wa Kiaramu. *Raz* lilipatikana upesi, namba 7328, na alama ya lugha ipo ila ni rahisi kuipita.

Uamuzi: namba zinabaki kama anwani. Maana haitafutwi hapa.

4 Februari: BDB

BDB ni Brown, Driver na Briggs, kamusi iliyokamilika mwaka 1906 juu ya msingi wa kamusi ya zamani ya Gesenius. Nakala zilizopigwa picha zinapatikana bure kwenye mtandao, na toleo la karatasi bado linachapishwa na halina bei ya kutisha. Kwa mtu asiye na fungu kubwa hii ndiyo kamusi kamili ya kwanza kuifikiria. Ni pia ile inayowakatisha watu tamaa mapema, kwa sababu ya mpangilio.

Maneno yamepangwa kwa mizizi. Aliyewahi kutumia kamusi ya Johnson ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939 anaujua mpango huu: *mpenzi*, *mapenzi* na *upendo* yote yako chini ya *penda*. Kwa msemaji wa lugha hakuna shida. Kwa mgeni ni ukuta. *Midbar*, jangwa, liko chini ya דבר. *Torah* liko chini ya ירה. *Emet* ndilo baya kuliko yote: liko chini ya אמן, na ile *nun* ya mzizi haionekani popote katika neno lenyewe, imemezwa.

Nilichogundua baada ya kuhangaika ni kwamba wahariri waliacha alama za njia. Ukienda mahali ambapo neno lingekuwa kwa mpangilio wa alfabeti, mara nyingi kuna mstari mdogo ulioandikwa *v. sub*, ufupisho wa Kilatini wa "tazama chini ya", kisha mzizi. Kwa nomino, basi, huna haja ya kuukisia mzizi. Tafuta kwa alfabeti, fuata alama. Kumbuka pia kwamba *sin* na *shin* ni sehemu mbili tofauti, *sin* kwanza, ilhali Strong amezichanganya.

Vitenzi vilivyonyambuliwa ndivyo visivyo na alama hizo. Mfano uliochukua muda ni ויט, katika aya ambapo Haruni ananyoosha mkono wake juu ya maji ya Misri. Ondoa *vav* ya mwanzo inayoendeleza masimulizi, ondoa *yod* ya nafsi ya tatu, na kinachobaki ni herufi moja, ט. Mzizi ni נטה: *nun* imeanguka mwanzoni, *he* imeanguka mwishoni. Hakuna mpangilio wa kamusi utakaokufikisha hapo. Zamani suluhisho lilikuwa kamusi ya uchambuzi ya Benjamin Davidson ya mwaka 1848, inayoorodhesha maumbo kama yanavyoonekana katika maandiko na kuyachambua. Siku hizi matini ya dijitali iliyochambuliwa hufanya kazi hiyo bure. STEP Bible, iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge, inakupa mzizi na kauli kwa kubonyeza tu. Nimeliondoa suala hili kwenye rafu na kuliweka kwenye kompyuta.

Tahadhari moja kubwa. Programu nyingi za bure zina kitufe kilichoandikwa BDB, lakini kinachofunguka ni muhtasari wa mistari michache uliobandikwa kwenye namba za Strong. Kwa *hesed* muhtasari wa namna hiyo unasema: kwanza, wema, fadhili, uaminifu; pili, aibu. Basi. BDB halisi ina vidahizo viwili vilivyotengwa, na kile kikubwa kimegawanywa kati ya hesed ya wanadamu wao kwa wao na hesed ya Mungu, kisha aya zimepangwa kwa aina. Ukiona kidahizo cha BDB kisicho na aya ndani yake, hujaiona BDB. Tovuti ya Sefaria ina maandishi yenyewe, na picha za kurasa zipo katika Internet Archive. Picha hizo zina kasoro yake: nukta za irabu hupotea, na nukta ndiyo tofauti ya neno na neno.

Alama ya kujifunza kabla ya nyingine zote ni msalaba mdogo, †, mwanzoni mwa kidahizo. Maana yake ni kwamba aya zote za Agano la Kale zenye neno hilo zimetajwa. Ukiuona, kidahizo kimekuwa itifaki pia.

11 Februari: aya zisizopatikana

Nyongeza fupi, kwa sababu tatizo hili lilifanana na makosa ya uchapaji hadi lilipojirudia. Kamusi inasema hesed imo Zaburi 51:3. Unafungua Biblia ya Kiswahili, aya ya 3 inazungumzia makosa na dhambi, hesed haimo. Kamusi haijakosea. Katika Kiebrania kichwa cha zaburi huhesabiwa kama aya, na hapa kichwa kinachukua aya mbili, kwa hiyo 51:3 yao ni 51:1 yetu. Kutoka 8:15 yetu ni 8:11 kwao. Yoeli wa Kiebrania ana sura nne, na Yoeli 2:28 yetu ni 3:1 kwao. Malaki wao anaishia sura ya tatu.

BDB na wenzake hufuata hesabu ya Kiebrania, Strong hufuata ya Kiingereza. Suluhisho ni kuandika aya ya Kiebrania kwanza na ya Kiswahili kwenye mabano, kila mara, hata pale zinapolingana. Inachosha lakini inaokoa.

27 Februari: HALOT na Holladay

BDB ilitoka kabla ya Ugariti, mji wa kale wenye lugha iliyo ndugu ya Kiebrania, kufukuliwa Ras Shamra kuanzia mwaka 1929, na kabla ya magombo ya Bahari ya Chumvi, yaliyoanza kuonekana mwaka 1947. Je, tofauti hiyo inamgusa msomaji wa kawaida? *Pim* lilijibu.

Katika 1 Samweli 13 Waisraeli hawana wahunzi na wanashuka kwa Wafilisti kunoa zana zao. Aya ya 21 ina neno *pim*, na King James ya 1611 iliona hapo tupa ya kunolea. Baadaye, kutoka ardhi ya Israeli ya kale, yalijulikana mawe madogo ya mizani yaliyochongwa herufi hizohizo, פים, yenye uzito wa karibu gramu 7.8, yaani theluthi mbili ya shekeli. Kumbe aya inataja bei iliyotozwa kunoa. Badala ya chombo cha kuwasaidia maskini wale, tunaona malipo waliyotozwa na adui yao. BDB ilikuwa imeshachapishwa kabla wataalamu hawajayaunganisha mawe na aya hii. HALOT inayo.

HALOT ni kamusi ya Koehler na Baumgartner. Toleo la tatu la Kijerumani lilitoka kati ya 1967 na 1996, la Kiingereza kati ya 1994 na 2000 katika juzuu tano, kisha mwaka 2001 likafungwa upya katika juzuu mbili. Hizo mbili ndizo za kununua, na ikibidi kungoja iliyotumika, ngoja. Mpangilio ni wa alfabeti: *midbar* liko kwenye *mem* na *emet* liko kwenye *alef*, pale macho yanapolitafuta. Kiaramu kimetengwa mwishoni, kama kilivyotengwa katika BDB, na anayetafuta *raz* kwenye sehemu ya Kiebrania atazunguka bure.

Gharama yake ya muda ni vifupisho. Kidahizo kinaanza na sehemu nzima ya lugha jirani, Kiugariti, Kiakadi, Kiarabu, Kihabeshi, kabla hujafika kwenye matumizi ya Biblia. Mwenye haraka huchukua lile la kwanza analoliona na kuliita "maana ya asili". James Barr alilipiga vita zoea hili katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu semantiki ya lugha ya Biblia, na mmoja wa mifano yake unatosha: *lehem*, mkate, na *milhama*, vita, yana herufi zilezile za mzizi. Hakuna anayepigana anapoomba mkate. Ndugu wa neno katika lugha jirani wanasaidia pale neno ni adimu na aya hazitoshi, kama *pim* ambalo mawe ndiyo yaliyolifungua. Kwa neno lenye aya 250, aya ndizo zinazotawala. Siku hizi naipita sehemu ile ya kwanza na kuirudia mwisho.

Jingine la kukumbuka ni safari ya maneno yenyewe. Kidahizo cha HALOT kilifikiriwa kwa Kijerumani, kikatafsiriwa kwa Kiingereza, na mimi nakitia Kiswahili. Ladha hupungua kila kivukoni. Kwa hiyo tafsiri fupi ya Kiswahili naiandika nikiwa nimefungua aya zenyewe, si kwa kutafsiri neno la Kiingereza la kamusi.

Holladay ni muhtasari wa mwaka 1971 uliotokana na kazi hiyohiyo ya Koehler na Baumgartner. Lugha jirani zimeondolewa, mijadala imeondolewa, aya muhimu zimebaki, yote katika juzuu moja. Kwa kusoma sura nzima ya Kiebrania bila kusimama kila mstari, sijaona cha karatasi kinachoishinda. Kwa kubishana haitoshi, wala haikuandikwa kwa kazi hiyo.

12 Machi: I, II, III

*Ana* limenifanya nibadilishe namna ya kuandika marejeo. Kamusi hutenga homonimu, yaani maneno tofauti yenye umbo moja, kwa namba za Kirumi. BDB: ana I ni kujibu, II ni kushughulishwa na jambo, III ni kuteswa au kunyenyekezwa, IV ni kuimba. HALOT: I ni kujibu, II ni kuteswa, III ni kushughulishwa, IV ni kuimba. Ukiandika "ana II" bila kutaja kamusi, msomaji wako mwenye kitabu kingine ataiweka taabu ya Israeli huko Misri kwenye shughuli za Mhubiri.

Strong anadhani kujibu na kutesa huenda ni neno moja, kupitia wazo la kumtazama mtu kwa dharau. Msemaji wa Kiswahili anayejua kwamba *kumwonea* mtu kumetokana na *ona* anaweza kushawishika hapa. Hata hivyo dhana hiyo haisaidii kusoma aya hata moja, na kamusi zote mbili kubwa zimeiacha.

Suluhisho: jina la kamusi, namba ya Kirumi, na neno moja la Kiswahili. "HALOT ana II, kutesa." Halihitaji maelezo zaidi.

30 Machi: DCH

DCH, kamusi ya Kiebrania cha kale iliyohaririwa na David Clines wa Sheffield, ina juzuu nane, 1993 hadi 2011, na ya tisa ya faharasa. Nimeisomea maktaba na ndiko itakakobaki, bei yake si ya mtu binafsi.

Ina tabia mbili zisizo za kawaida. Kwanza, haiishii kwenye Biblia: inachukua pia Yoshua bin Sira, magombo ya Bahari ya Chumvi na maandishi ya mawe na vigae. Pili, imekataa kabisa lugha jirani. Badala yake inakuonyesha neno linakaa na nani. Kwa kitenzi: nani anatenda, nani anatendewa, kihusishi gani kinafuata. Kwa nomino: vitenzi gani huiandama, maneno gani husimama sambamba nayo. Kwa *kaved* katika Piel, orodha ya wanaoheshimu na wanaoheshimiwa inaeleza zaidi kuliko fasili yoyote niliyoisoma.

Kinachohitaji uangalifu ni wingi wa homonimu. Clines na wenzake walikusanya maneno mapya yaliyopendekezwa na wataalamu kwa miaka mingi, na mengi ya hayo yamejengwa juu ya aya moja. Kuwamo ndani ya DCH kunamaanisha mtu fulani amelipendekeza. Hakumaanishi limekubaliwa. Na Kiaramu hakimo, kwa hiyo *raz* la Danieli halina mahali.

18 Aprili: kurasa nyingi juu ya neno moja

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko hatua yoyote. Kamusi za kitheolojia ni aina nyingine kabisa: kila neno ni makala, na kila makala ina mwandishi mwenye msimamo. Nilisoma *hesed* katika tatu, mfululizo, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo angalau mara moja.

Kwanza historia, maana bila hiyo makala hazieleweki zinabishana na nani. Mwaka 1927 Nelson Glueck alitoa kazi kwa Kijerumani akidai kwamba hesed ni wajibu kati ya watu waliofungwa pamoja, na agano au ujamaa, wala si hisani ya hiari. Dai hilo lilienea sana. Alama yake iko wazi katika HALOT, ambamo hesed inaanza na wajibu wa pamoja kati ya ndugu, marafiki, mwenyeji na mgeni, bwana na mtumishi. BDB, iliyotoka miaka 21 kabla ya Glueck, inasema wema. Anayelinganisha kamusi hizo mbili bila kujua jina la Glueck atadhani moja imekosea.

Sasa makala za kamusi hizo tatu. Katika TLOT ya Jenni na Westermann, juzuu tatu kwa Kiingereza, 1997, mwandishi ni Stoebe, na anasisitiza wema unaovuka kile mtu anachodaiwa. Katika TDOT, juzuu 15 za Kiebrania kwa Kiingereza, 1974 hadi 2006, mwandishi ni Zobel, naye anapitia aya kwa makundi kwa subira kubwa. Katika TWOT ya mwaka 1980, juzuu mbili tu, Harris anamkatalia Glueck waziwazi: agano linatokana na hesed, si hesed kutokana na agano. Katharine Sakenfeld naye aliirudia hoja yote mwaka 1978, akiangalia hasa msaada ambao mwenye uwezo humpa asiye na pa kukimbilia.

Njia iliyoshindikana ilikuwa kuanza na makala hizi. Ukimsoma Stoebe kwanza, kila aya inakuwa ya Stoebe. Nilipogeuza mpango, nikasoma aya za Rutu, 1 Samweli 20 na Zaburi 136 kwanza na kuandika nilichokiona, makala zikawa mashahidi wa kuhojiwa. Rutu ndiye anayemsumbua Glueck: Orpa alirudi kwao na hakuna aliyemlaumu, kwa hiyo alichofanya Rutu kilizidi alichodaiwa. Yonathani na Daudi ndio wanaompa Glueck nguvu, maana agano lao limetajwa katika aya ileile Daudi anapoomba hesed. Sioni sababu ya kulazimisha upande mmoja umeze mwingine.

Uamuzi: TWOT inanunulika, ni fupi, na faharasa yake inakubali namba za Strong, kwa hiyo inaingia rafuni. Msimamo wake wa kihafidhina ujulikane tu kabla ya kusoma. TDOT na TLOT ni za maktaba, kwa maneno ambayo yamekwisha kuleta swali.

3 Mei: itifaki ya Kiebrania

Itifaki ya Kiswahili haitoshi, na *hesed* linaonyesha kwa nini. Katika Biblia ya Muungano ya 1952 ni fadhili katika Zaburi 136, rehema katika Mika 6:8, wema katika Isaya 40:6. Ukitafuta "fadhili" peke yake umezikosa aya nyingi. Ukitafuta "rehema" umeokota na *rahamim*, ambalo ni neno jingine.

Mandelkern ya mwaka 1896 ni kubwa na inapanga kwa mizizi, maelezo kwa Kilatini. Even-Shoshan inapanga kwa alfabeti na kuonyesha makundi ya matumizi. Lisowsky ya mwaka 1958 imechapishwa kwa mwandiko wake mwenyewe wa mkono, ukurasa hadi ukurasa, na nakiri niliifungua zaidi kwa kuishangaa kuliko kwa kazi. Kutafuta kwa kompyuta kumezipita zote kwa kasi, kwa sharti moja: utafute kwa kidahizo na kauli, si kwa namba ya Strong peke yake. Namba 2617 bado inakuletea Walawi 20:17 katikati ya rehema, na inabidi uiondoe mwenyewe.

17 Mei: rafu ilivyo sasa

Vilivyonunuliwa: Holladay kwa usomaji wa kila siku, HALOT ya juzuu mbili iliyotumika, na TWOT. HALOT peke yake imekula sehemu kubwa ya fungu. Aliye na uwezo wa kitabu kimoja anunue Holladay, atumie BDB ya mtandaoni kwa ukamilifu, na mambo ya Ugariti na magombo ayasubirie maktaba. Vya bure: STEP Bible kwa uchambuzi na kutafuta, BDB kamili, na kamusi ya semantiki ya Reinier de Blois chini ya United Bible Societies, inayopanga maana kwa nyanja badala ya mizizi. Hii ya mwisho nimeichelewa. Kwa *kaved* imetenga matumizi kwa usafi ambao ningeupenda tangu Januari.

Karatasi ya kila neno ina mpangilio huu kwa sasa: kidahizo na kauli, aya zote, au zikizidi mia, kitabu kimoja kizima, nilichokiona mwenyewe kwa Kiswahili, Holladay, kisha HALOT na BDB bega kwa bega, na pale zinapotofautiana, mwaka wa kila moja, mwisho makala, kama swali bado lipo. Neno la kawaida linakwisha jioni moja. *Hesed* lilichukua wiki kadhaa na faili lake bado liko wazi.

Kiaramu ndicho kilichobaki nyuma. *Raz* limepata kidahizo kifupi katika BDB na HALOT, nalo ni neno lililotoka Kiajemi, kwa hiyo mizizi ya Kiebrania haina la kusema. TDOT iliongeza juzuu ya 16 ya Kiaramu mwaka 2018. Nimeiomba maktaba, na matokeo yake yataingia hapa pamoja na maneno mengine ya Danieli 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7.